Ukuta wa Chumba cha Mama

Mwezi uliopita tulimzika shemeji yangu Kalonji. Matanga tuliyakalia Kolwezi, katika nyumba ya wazazi wangu, kwa kuwa ndiyo yenye sebule kubwa kuliko zote mtaani. Kila aliyeingia kutoa pole alizungusha macho kwanza kabla ya kutafuta pa kukaa. "Hii salon, mama! Ni kanisa," alinong'ona mwanamke mmoja aliyetoka Likasi, kisha akamuuliza jirani yake ilikuwaje nyumba ya kampuni, zile ndogo za wafanyakazi zilizojengwa mbilimbili chini ya paa moja, ikapata chumba cha namna hiyo. Jirani hakujua. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na dada yangu Mbombo, mjane wa marehemu, na nilikuwa nalia kweli, maana Kalonji nilimpenda. Lakini swali lile liliponifikia, kicheko kilinipanda hadi kooni nikaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa. Nilimtupia Mbombo jicho. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi ninayemjua dada yangu nilijua kwamba wakati huo hakuwa analia. Basi nimeamua kuyaandika. Mwaka sebule ile ilipojengwa yeye alikuwa Likasi na watoto wake wadogo. Mimi ndiye niliyekuwa katikati ya kila neno lililosemwa, na Kalonji aliyekuwepo hayupo tena.

Ulikuwa mwaka ambao kampuni ya migodi iliwaachia wafanyakazi wake wa zamani nyumba walizokuwa wakikaa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, sina mchumba, nina nguvu tele na hamu ya kuona jambo likitokea. Tata, yaani baba yangu, alirudi na karatasi ya nyumba ameishika kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti kubwa barazani ili hata kuku wasikie. Ili mtu aielewe furaha ile, lazima ajue kwamba katika kambi yetu ya wafanyakazi hukuweza kupigilia hata msumari ukutani bila kwenda kuomba ruhusa ofisini. Rangi ya milango ilichaguliwa huko. Miaka yote ya ndoa yake mama aliining'iniza picha ya harusi kwenye komeo la dirisha, na kila akifungua dirisha picha iligeuka ikatutazamisha mgongo. Kwa hiyo karatasi zilipotoka, kambi nzima ilishika nyundo. Asubuhi uliamshwa na pu, pu, pu kutoka kila upande. Huyu anavunja dirisha apate mlango, yule anavunja mlango apate duka, na wazee waliokuwa wamekaa kitako tangu kazi iishe sasa wanatembea upesi, vumbi jeupe limewajaa nyweleni, wanaitana kutoka ua hadi ua wakaone shimo jipya. Ilikuwa raha tupu. Sijui kama nimewahi kuona watu wazima wakifurahi hivyo kwa sababu ya tofali lililovunjika.

Tata alikuwa na ndoto moja: sebule, au salon kama tulivyoiita, ambamo wakwe wote wangeweza kukaa pamoja. Sisi watu wa asili ya Kasai, wakwe wakija huwezi kuwagawanya, nusu ndani na nusu nje. Kwenye mahari ya Mbombo nusu yao walikaa uani karibu na bomba, na mmoja akaondoka na suruali iliyolowa matope. Aibu hiyo tata hakuisahau. Mpango wake ulikuwa mzuri na aliuchora sakafuni kwa chaki mara nyingi hadi sote tukaujua kwa moyo: kwanza tungejenga chumba kipya cha kulala nyuma ya nyumba, mama ahamie huko, kisha ndipo tungebomoa ukuta uliotenga chumba chao na sebule, na sebule ingekuwa mara mbili. Aliyeitwa kuifanya kazi hiyo alikuwa mume wa Mbombo, Kalonji, mwashi wa Likasi, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu kumsogelea ili umsikie.

Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana. Si chuki, ni kinyume chake kabisa. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hali chakula mbele yake, hasemi naye uso kwa uso, na kitanda chake hakioni asilani. Naye mama mkwe hali­taji jina la mkwe. Wakikutana njiani, mmoja wao huona ghafla kitu cha maana sana ndani ya mtaro. Kwa hiyo Kalonji alipofika na begi lake la vifaa, tuligawana nyumba bila mtu kutoa amri: yeye alilala sebuleni na kupita mlango wa mbele, mama alipita mlango wa nyuma, uliotoka chumbani kwake hadi jiko la uani. Kati yao palikuwa na ukuta. Na palikuwa na mimi.

"Ntumba," mama alisema kutoka jikoni, akisonga bukari, ugali wetu, mgongo ameuelekeza mlangoni, "ambia mukwe yangu chakula iko tayari. Akule ingali moto."

"Yaya Kalonji, Mama anasema chakula iko tayari, ukule ingali moto."

"Ambia Mama asante mingi. Samaki inanukia muzuri."

"Mama, anasema asante mingi, samaki inanukia muzuri."

Kalonji, niliyemwita yaya kwa maana ya kaka mkubwa, alikuwa hatua chache tu, amesimama nyuma ya kamba ya nguo. Walisikiana vizuri kabisa. Lakini neno halikuhesabika kuwa limesemwa mpaka lipite kinywani mwangu, na nikikosea hata kidogo mama alinirudisha: "Sikusema samaki kidogo. Nilisema samaki. Rudilia." Mwanzoni niliona ni mchezo wa kuchosha. Baada ya majuma machache nikaanza kuupenda, kwa sababu nilijua mambo ambayo wao wenyewe hawakujua. Mama alimchagulia Kalonji kipande kinono cha samaki kabla hata ya tata. Naye Kalonji alimtengenezea mama mbabula mpya ya bati, jiko la makaa, akaiacha jikoni wakati mama yuko kanisani, na hakutaka niseme imetoka wapi. Walipendana sana, wale wawili, na hawakuwa wameonana nyuso vizuri tangu siku ya mahari.

Kisha tata akaharibu kila kitu kwa furaha. Ilikuwa asubuhi ya baridi ya kiangazi, ile ya kuvaa sweta juu ya sweta. Msingi wa chumba kipya nyuma ya nyumba ulikuwa umeanza kuchimbwa na haukufika hata magotini. Jirani wa ng'ambo alikuwa amemaliza kubomoa ukuta wake, akampitisha tata ndani aone jinsi mwanga ulivyoingia. Tata alirudi macho yanang'aa. Aliichukua nyundo kubwa ya Kalonji, akasimama sebuleni mbele ya ukuta wa chumba chake mwenyewe.

"Tata, ngojea kwanza," Kalonji alisema, akiwa na toroli la mchanga mlangoni. "Tulisema tujenge chumba ya Mama, ndio tubomoe."

"Tofali moja tu! Nione mwangaza namna inaingia. Hii nyumba ni yetu, nani atanikataza? Nani?"

Hakuna aliyemkataza. Tofali moja likatoka, na mengine, kana kwamba yalikuwa yanangoja ruhusa, yakalifuata. Ukuta ulilala chini wote kwa kishindo kilichowatoa majirani nje. Vumbi lilipotua, tuliona kitanda cha mama. Tuliona shuka la maua ambalo halijatandikwa, nguo ya kulalia iliyotupwa kwenye mto, na mama mwenyewe amekaa ukingoni mwa kitanda, anafunga kitambaa kichwani, mikono imebaki hewani. Na mbele yake, mita chache, ameshika toroli, alisimama mkwe wake.

Kalonji aliliachia toroli akageuka, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akatoka mbio. Mama hakupiga kelele. Alivuta shuka, akajifunika kichwa hadi miguu, akatoka kwa mlango wa nyuma akiwa hivyo hivyo, akaupita ua, akaingia kwa Mama Kayomb. Huyo alikuwa mama wa kabila la Walunda aliyekaa nusu ya pili ya nyumba yetu. Paa ni moja, ukuta wa kati ni mmoja, na kwa miaka mingi wao na sisi tuliishi tukisikiana tukikohoa. Nilimfuata mama mbio. Mama Kayomb alimwona mwanamke aliyejifunika shuka amesimama mlangoni kwake, akasogeza sufuria. "Kuya ndani, Mama," alisema. "Kitanda iko."

"Mi siingie tena kule," mama alisema ndani ya shuka. "Mukwe ameona kitanda yangu. Mupaka chumba iwe na ukuta na mulango na kifungulo, mi siingie."

Dakika chache baadaye sauti ya chini ilisikika nje ya dirisha. "Ntumba, uambie Mama mi sikuona kitu. Mi nilifunga macho."

"Ntumba," mama alijibu mara moja, "umuulize, kama alifunga macho, alipata mulango namna gani?"

"Sikuupata, Ntumba. Umuoneshe paji la uso yangu."

Mama Kayomb alicheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka. Tata peke yake hakucheka, alisimama kwenye kifusi na nyundo yake, na kwa mara ya kwanza tangu karatasi itoke nilimwona akiwa mdogo kuliko ukuta. Alidhani kosa lile litarekebishwa kwa juma moja. Turudishe tofali, tupige plasta, mama arudi, basi. Na hapo ndipo nyumba ilipoanza kutuonyesha ilichokuwa imeficha.

Kalonji alipanda juu kukagua mahali ukuta ulipokuwa umeshika boriti, ile mbao ndefu iliyobeba paa la nyumba zote mbili. Alichomeka bisibisi, nayo ikazama yote hadi kwenye mpini. Alichomeka mahali pengine, ikazama tena. Mchwa walikuwa wameila boriti kutoka ndani na kuacha rangi tu. Ukuta ndio uliokuwa unalibeba paa peke yake, na ukuta tumeuvunja. Siku hiyo hiyo mlango wa Mama Kayomb ukakataa kufunguka, kwa kuwa boriti ilikuwa imeshuka upande wake pia. Mama alitolewa kwa dirisha, akainuliwa na wanawake wawili, kisha akarudishwa kwa dirisha hilo hilo, kwani alikataa kulala pengine. "Heri nianguke na paa ya jirani," alisema. Tuliweka nguzo za mkaratusi kila mahali, ndani mwetu na ndani mwao, hadi kutoka chumba hadi chumba ilibidi upite upande upande. Kisha Kalonji akataka kujua mchwa walitoka wapi, akachimba sakafu, na chini yake akakuta bomba la maji lililopasuka zamani sana, likivuja polepole, na udongo wote umekuwa laini kama uji. Hukuweza kuweka tofali juu ya udongo ule. Ilibidi bomba litolewe, udongo utolewe, kokoto ziingie, sakafu ikauke. Ukuta wa juma moja ukawa kazi ya miezi.

Ukiwa Kolwezi huwezi kuchimba sakafu yako kimya kimya. Habari zilienda hadi Kasulo, ambako watu walikuwa wakitafuta madini chini ya vitanda vyao, na asubuhi moja vijana wachimbaji walikuja na magunia mabegani, wakachungulia shimo letu kwa adabu kubwa.

"Tata, mulipata nini humu?"

"Maji," tata alisema.

"Maji tu?"

"Na muchwa."

Mmoja alishuka, akasugua udongo kati ya vidole, akautazama kwenye jua, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama daktari. "Pole, Tata. Hapa ni nyumba tu." Waliondoka, na tata akasimama akirudia maneno yale, nyumba tu, nyumba tu, akayacheka hadi machozi.

Nikiwaambia wanangu kwamba miezi ile ilikuwa ya furaha hawaniamini. Nyumba haina sakafu, paa limeshikwa na miti, mama amehama, unafurahi nini? Lakini ilikuwa hivyo. Kila siku kulikuwa na jambo. Tuliamua ukuta usirudi, mama amaliziwe chumba kipya cha nyuma; na kwa kuwa boriti ya mbao isingefaa tena, Kalonji alisafiri hadi Tenke, akapata chuma kirefu kwa mtu wa vyuma vikuukuu, na lori lililokipakia likaharibika hapo hapo Tenke. Tukawa tunangoja chuma kama watu wanaomngoja mgeni mkubwa, kila lori linalonguruma barabarani tunatoka. Mama na Mama Kayomb walipika pamoja, wakagombana kuhusu chumvi, wakaimba. Na tata, jioni, alioga, akavaa shati safi, akapitia barabarani, akaja kubisha kwenye dirisha la Mama Kayomb kumwamkia mke wake. Nilikuwa nachambua mchele siku moja nikawasikia.

"Mama Mbombo, leo ulikula nini?"

"Wewe je, ulikula?"

"Nilikula. Lakini kitanda iko kubwa sana."

"Ulitaka salon kubwa," mama alisema. "Ulipata na kitanda kubwa." Kila mmoja alibaki upande wake wa dirisha, na nilipoinua kichwa niliona kwamba tata amemshika mkono.

Lakini kadiri mvua zilivyokaribia, mchezo ulianza kupungua. Nguzo zililia usiku. Mama alikonda. Usingizi wa kitanda cha mtu mwingine haukumfaa, na nilianza kumwona akisimama uani, akiitazama nyumba yake kama mtu anavyomtazama mgonjwa, halafu akirudi. Niliogopa jambo ambalo sikuthubutu kumwambia yeyote: kwamba atazoea. Kwamba chumba kitakuja kumalizika na yeye atasema, ah, mi niko muzuri hapa. Nilikuwa karibu mtu mzima, lakini nilimtaka mama yangu arudi nyumbani, na nilimtaka mno.

Chuma kilifika mawingu yakiwa yameshaanza. Wanaume wa kambi walikuja wote, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa wazi, wakavua mashati, wakakibeba mabegani kwa kuimba. Ilibidi kipandishwe upande mmoja kwanza, kishikwe na nguzo, kisha upande wa pili. Kalonji alisimama chini katikati, akielekeza kwa mikono, kwa kuwa sauti yake haikuwafikia. Mimi nilikuwa pembeni na ndoo ya maji. Mama alikuwa nje, kwenye dirisha la nyuma, pamoja na Mama Kayomb. Hakuingia, aliahidi kutoingia, ila alitaka kuona. Na kwa kuwa alikuwa nyuma, aliona ambacho sisi sote tuliotazama juu hatukukiona: mguu wa nguzo nyuma ya Kalonji ulikuwa unazama, taratibu, kwenye ile sehemu ya sakafu ambayo haijakauka.

"Kalonji! Toka!"

Ilikuwa sauti ya mama. Lilikuwa jina la mkwe wake. Wanaume waliganda. Na Kalonji, sitasahau kamwe, Kalonji hakutoka. Alisikia sauti ya mama mkwe wake ikimwita kwa jina, jambo ambalo haliwezekani, akafanya alichokuwa amezoea kufanya kila siku. Alinigeukia mimi. Alinitazama, nyusi juu, anangoja nimwambie Mama amesema nini.

Kinywa changu, kilichobeba maneno yao yote kwa miezi ile, kilichelewa. Nilichokiona ni mama akipita kwenye dirisha lile kama msichana, akikanyaga tofali, akimrukia mkwe wake kwa mikono miwili, akimvuta shati na mkono na chochote alichokipata, na wote wawili wakaanguka kwenye rundo la mchanga. Nguzo ikatoka. Ncha ya chuma ilishuka pale alipokuwa amesimama, ikazama sakafuni. Chupuchupu. Hakuna aliyeumia. Tulisikia tu kokoto zikiporomoka, na pumzi ya watu.

Mama alikuwa bado amemshika mkono. Aliuona mkono wake, akauachia upesi, akanyanyuka, akaweka sawa kitambaa chake, akatoka bila kumtazama mtu. Kalonji alibaki kwenye mchanga akilia kwa sauti, mwanaume mzima, na hakuna aliyemcheka.

Chuma kilipanda siku ya pili, kikakaa imara, na kimekaa hadi leo. Lakini mambo kati yao yalizidi kuwa magumu. Kabla ya hapo walikuwa na utaratibu. Sasa walikuwa na aibu. Kalonji aliona amemvunjia mama mkwe heshima kwa kuokolewa naye. Akisikia kikohozi chake uani, aliacha mwiko wake wa uashi na kutoka kwa dirisha la mbele. Akisikia ndara zake, aliruka. Mama alikuwa na shughuli nyingi uani, kwa hiyo kazi haikuenda: tofali tatu, ndara, dirisha, tofali mbili, kikohozi, dirisha. Saruji iligandia kwenye karai. Hata ujumbe aliacha kutuma. Nilijaribu kuanzisha mwenyewe: "Yaya, Mama anauliza kama umekula?" na mama, aliyekuwa ananisikia, hakunisahihisha, na Kalonji hakujibu.

Kwetu kuna njia ya kulimaliza jambo kama hilo. Mkwe hutoa mbuzi, mbuzi wa kuondoa haya. Akishachinjwa na kuliwa, mkwe na mama mkwe wanakuwa mama na mwana, wanaonana, wanaongea, wanakula pamoja. Wengine humtoa baada ya miaka mingi, wengine hawamtoi kabisa. Kalonji aliomba kumtoa, tata akapeleka ombi dirishani, na mama akakataa. Niliwasikia.

"Alikaribia kufa juu ya heshima," tata alisema. "Ukule ile mbuzi, iishe."

"Tata Mbombo, weye huelewe. Mi sina kitu ya kumupa ule mutoto. Mbombo ulimupa weye. Nyumba ni yako. Heshima ndio kitu yenye mi nilimupa, mi mwenyewe. Nikikula mbuzi yake, nitabakia kumupa nini?"

Nilikuwa nimedhani miaka yote ile kuwa ule ulikuwa mzigo tu ambao wakubwa wanaubeba kwa mazoea, na kumbe kwake ulikuwa zawadi, anaipika kila siku na kuifunika sahani.

Kilichotuokoa ni dirisha. Asubuhi moja, chumba kipya kikiwa kimebakiza lenta juu ya mlango na mlango wenyewe, mama alipiga chafya uani. Kalonji aliruka kama kawaida, ila safari hii toroli lilikuwa nje chini ya dirisha, naye akatua ndani yake. Toroli likaondoka naye, likashuka mteremko wa ua, likammwaga kwenye mtaro wa barabara mbele ya watu waliokuwa wanatoka misa ya asubuhi. Kifundo cha mguu kilivimba. Alibebwa na wazee wawili, vumbi tupu, bado anauliza kwa sauti ya chini kama Mama amepita.

Mama alisimama kwenye kona ya nyumba akiyaona yote. Kwanza mdomo ulimcheza. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ukuta uanguke, akacheka hadi akajishika kwenye ukuta mpya, akajifuta macho, na alipomaliza uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ntumba," alisema. "Chuma ilishindwa kumuua. Sasa mi nitamuua na mafua? Umuambie alete mbuzi."

Nilikimbia. Sikuwahi kupeleka ujumbe mfupi na mtamu kama ule.

Mbuzi alikuja, wa kahawia, mkaidi, akala nusu ya chaki ya tata. Tulimchinja Jumapili. Chumba kipya kilikuwa na ukuta, mlango na ufunguo, na sebule ilikuwa wazi, kubwa, inanuka chokaa, na chuma juu yake kimepakwa rangi ya kijani iliyobaki. Mbombo alikuwa ameshindwa kuja, mtoto ana surua. Kalonji alikaa mezani, mguu umefungwa kitambaa, pamoja na tata na Mama Kayomb na mimi, na tukangoja. Tulisikia ndara. Zilipita uani, zikazunguka nyumba, zikaja hadi mlango wa mbele, ambao mama hakuwa ameutumia tangu Kalonji aje. Kalonji alikwisha kunyanyuka, macho kwenye dirisha.

"Ikala," mama alisema. Alimwambia yeye, sio mimi. "Ikala, mutoto yangu."

Aliketi. Mama akaja na sahani mikononi, bukari na nyama ya mbuzi na matamba, majani ya muhogo, akaiweka mwenyewe mbele ya Kalonji, kisha akarudi nyuma hatua mbili akasimama akimtazama, waziwazi, kama mtu anayefidia miaka ya kutomwona. Kalonji alimega bukari kwa mkono wa kulia. Tonge likaanguka. Akamega tena, likaanguka tena, jasho linamtiririka katika baridi ya mvua. Tata na mimi tulikwepana macho, kwa kuwa tulijua, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia mama. Tonge la tatu lilipoanguka, Kalonji alisahau alipo. Alimega kwa mkono wa kushoto, akachovya, akala, akamega tena, na ndipo akakumbuka, mkono ukabaki hewani.

"Kumbe," mama alisema. "Weye ni wa kushoto."

Mama aliutazama ule mkono.

"Nakupikiaka miaka yote hii, na sikujua." Alivuta kiti, akakaa mbele ya mkwe wake, karibu hata magoti yao yangeweza kugusana. "Tata yangu alikuwaka wa kushoto vile vile. Kula nikuone."